Jezi Mgongoni, Daftari Mkononi

Mvua zikikatika Buha, mkoani Kigoma, msimu ule wa kuanzia Juni ambapo maharage yameshaingia ndani na vumbi limeanza kupanda barabarani, mpira unachezwa kila mahali. Huku kombe la mbuzi, kule kombe la diwani, vyuo vinaalikana, na vijana waliotoka kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, bado wana moto miguuni. Timu inatoka Mabamba, mpakani kabisa na Burundi, inapanda lori hadi Kibondo mjini kufuata robo fainali. Watu wanajaa hadi mstari wa pembeni hauonekani. Jumatatu asubuhi, ukitaka kujua nani alifunga bao la pili na lilikuwa dakika ya ngapi, hupati popote. Mwenyekiti wa timu atakueleza anavyokumbuka yeye, na mwenzake wa timu pinzani atakupa jibu jingine.

Ninakuandikia wewe uliye Chuo cha Ualimu Kasulu au Kabanga, wewe wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu au Kibondo, na wewe uliyetoka huku kwenda kusoma Mwanza au Dodoma ukawa unarudi likizo. Unacheza mpira wa miguu, wa pete, wa wavu, au unakimbia. Umeshaanza kuona kwamba huenda miguu pekee isikufikishe Ligi Kuu, lakini michezo ndiyo unayoijua kuliko kitu kingine, na ungependa kuishi kwa kuitangaza, kuiandika, kuichambua au kuwa ofisa habari wa klabu. Nina ushauri mmoja, na mengine yote yanatokana nao: usingoje Dar es Salaam ikuite. Kwanza uwe mtu anayeijua na kuiandika michezo ya Kasulu na Kibondo kwa uhakika ambao hakuna mwingine anao.

Kazi zipo, tena zimeongezeka mbele ya macho yetu. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Fedha ya namna hiyo haiishii kwa wachezaji na viongozi. Matangazo yanahitaji mtangazaji, mchambuzi, mtu wa takwimu, mpiga picha, mhariri wa video, na kijana anayejua kuandika maneno matano ya kuvutia chini ya picha ya Instagram. Klabu nazo zinatakiwa kuwa na ofisa habari anayeeleweka. Mashujaa ya Kigoma ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, kamera zilianza kufika Uwanja wa Lake Tanganyika kila mara, na mkoa wetu ukaingia kwenye ratiba ya taifa. AFCON ya 2027 nayo imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Tazama wanaozisemea klabu kubwa leo walitokea wapi. Ahmed Ally alijiunga na Simba mwaka 2022 akitokea Azam TV. Ali Kamwe alikwenda Yanga mwaka huohuo baada ya kujulikana kama mchambuzi. Hasheem Ibwe wa Azam FC alikuwa mtangazaji wa mpira kabla hajawa msemaji. Watu huona tambo zao wiki ya mechi ya watani, wakadhani kazi yenyewe ndiyo hizo tambo. Hawaoni taarifa inayopaswa kutoka saa kumi jioni bila kosa hata la jina, mkutano wa kocha na waandishi kabla ya mechi, picha ya mchezaji mpya inayotakiwa kuwa tayari dakika ileile mkataba unapotangazwa, wala simu ya usiku ya mwandishi anayeuliza kama ni kweli nahodha ameumia. Klabu iliwachukua watu ambao kazi yao ilikuwa imeshaonekana, na hilo ndilo la kulitia akilini.

Wewe una kitu cha ziada ambacho wengi wao hawakukipata: unacheza. Ally Mayay Tembele alikuwa nahodha wa Yanga, akawa mchambuzi ambaye watu walimsikiliza, mwaka 2017 akagombea urais wa TFF, na baadaye akawa mkurugenzi wa maendeleo ya michezo wizarani. Mchambuzi aliyecheza anajua kwa nini beki wa kulia hakupanda kwenye shambulizi lile, kwa sababu ameshawahi kuwa kwenye nafasi hiyo mapafu yakiwaka moto dakika ya themanini huku winga wa upande ule akimsubiri ateleze. Msikilizaji husikia tofauti hiyo hata asipojua inatoka wapi. Lakini kucheza peke yake hakutoshi. Nimewasikia wachezaji hodari wakipewa maikrofoni, wakabaki na "tunamshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu". Ujuzi wa uwanjani unabaki miguuni mpaka mwenyewe ajifunze kuuweka kwenye maneno.

Anza na daftari. Nunua kubwa, la kaunta, lenye jalada gumu. Kila mechi unayoihudhuria ukiwa huchezi, iandike: tarehe, uwanja, shindano, waamuzi, vikosi vyote viwili na namba za jezi, aliyefunga, dakika, nani alitoa pasi ya mwisho, bao lilikuwa la kichwa au la mguu gani, kadi, mabadiliko, hali ya uwanja. Majina yachukue kabla mpira haujaanza, kwa nahodha au kwa kamisaa mwenye fomu ya kikosi, na mwombe mwenye jina mwenyewe aliandike au alisome mbele yako. Majina yetu ya Kiha yanaumizwa sana huko studio. Tena sisi pacha tunawaita Bukuru na Butoyi, kwa hiyo timu moja ikiwa na Bukuru watatu usishangae. Andika jina la pili na namba, la sivyo utampa mtu bao la mwenzake. Kijana aliyefunga akisikia jina lake limetamkwa sawasawa redioni, na mama yake akalisikia, umepata chanzo cha habari cha miaka yote.

Usiku uleule, kabla hujalala, nakili safi. Ukisema utafanya kesho, kesho utakuwa na zoezi la darasani na mazoezi ya jioni, na dakika ya 63 itakuwa imegeuka 70 kichwani mwako. Mwisho wa mwezi toa msimamo wa ligi na orodha ya wafungaji, vipige picha, vipeleke kwenye makundi ya WhatsApp ya timu na kwa ofisa michezo wa wilaya. Watakusahihisha, na wakikusahihisha shukuru, kwa sababu kila sahihisho linaongeza thamani ya daftari. Baada ya misimu miwili utakuwa na kitu ambacho hakipatikani kwenye gazeti lolote la Dar es Salaam.

Thamani yake iko hivi. Desemba 2018, Mashujaa wakiwa bado timu ya daraja la chini, waliitoa Simba kwa mabao 3-2 kwenye Kombe la Shirikisho la TFF. Aprili 2024 wakaitoa tena kwenye kombe hilohilo, safari hii kwa penalti, Kigoma. Siku kama hizo nchi nzima huuliza: hawa vijana ni akina nani, wamelelewa wapi, yule winga alianzia timu gani? Mwandishi mwenye kumbukumbu za mchangani anajibu maswali hayo saa ileile, na vyombo vikubwa vinampigia yeye. Mchezaji wa kesho wa Ligi Kuu anayetoka Heru Juu au Kifura yuko uwanjani leo bila mtu wa kumwandika. Uwe wewe.

Sasa sauti. Redio bado ndiyo inayofika kila boma huku kwetu. Joy FM iko Kigoma, na Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wakimbizi, ina wasikilizaji wa siku nyingi upande wa Kibondo. Stesheni za mikoani zina watangazaji wachache, na kutoka Kigoma mjini hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Hakuna atakayemtuma mtu kufuata ligi ya wilaya. Lakini mhariri wa michezo akipokea ripoti ya sauti ya dakika moja, safi, yenye majina na dakika, imefika saa moja kabla ya kipindi, ana sababu ya kuitumia. Peleka barua ya chuo ya utambulisho, jitambulishe kwa adabu, usidai malipo siku ya kwanza, ila uliza mapema utaratibu wao wa kulipa wachangiaji ni upi.

Ripoti yenyewe iwe na nyama. "Mechi ilikuwa nzuri na ya kusisimua, timu zote zilishambuliana" ni sentensi inayoweza kusemwa na mtu aliyelala nyumbani. Sema hivi: "Dakika ya 78, kona kutoka kushoto, kipa alitoka hakuufikia, beki namba nne akapiga kichwa bila kukabwa." Msikilizaji ameona. Anza na matokeo, fuata na bao lililoamua, kisha maneno ya kocha mmoja au mchezaji mmoja, malizia na mechi inayofuata. Hayo yanatosha dakika moja.

Kutangaza mpira moja kwa moja ni kazi nyingine, na ndiyo inayohitaji mazoezi kuliko zote. Chukua simu, kaa mbali kidogo na watu, jirekodi ukitangaza dakika kumi za mechi ya wenzako, halafu sikiliza. Utagundua umesahau kusema matokeo. Anayesikiliza redio hana ubao wa kuangalia. Kila mara kuna mtu amefungulia sasa hivi akitoka shambani, na anataka kujua ngapi kwa ngapi na dakika ya ngapi. Mwambie mpira uko wapi, upande gani, unaelekea goli la nani. Tafuta rekodi za marehemu Charles Hilary, au za marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, usikilize walivyojua kunyamaza nusu sekunde ili kelele za uwanja ziingie. Usiwaige sauti. Kijana wa Kasulu anayetangaza kwa lafudhi ya kuazima anachosha masikio ndani ya dakika tano, na lafudhi yako ya Kiha haina kasoro mradi Kiswahili chenyewe ni fasaha.

Na hapo kuna mtaji ambao vijana wengi wa huku wanauonea haya. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Ligi yetu imekuwa na Warundi wa maana: Amissi Tambwe aliibuka mfungaji bora akiwa Simba msimu wa 2013/14 na tena akiwa Yanga 2015/16, na Saidi Ntibazonkiza alimaliza kileleni pamoja na Fiston Mayele msimu wa 2022/23. Mchezaji wa kigeni anayehojiwa kwa lugha isiyo yake hutoa majibu mafupi ya kujilinda. Ukimsalimia kwa lugha ya nyumbani kwao, anakusimulia alivyoanza. Mwandishi wa Dar es Salaam anahitaji mkalimani, wewe huhitaji. Ongeza Kiingereza cha kuandikia barua na cha kusomea kanuni, na kama unaweza, Kifaransa kidogo, kwa sababu mikutano ya CAF na wachezaji wengi wa Kongo na Afrika Magharibi wanakitumia.

Lipo jambo ambalo mchezaji-mwandishi hujikwaa nalo mapema: unapocheza, wewe ni wa upande mmoja. Mechi uliyocheza usiiandike kana kwamba ulikuwa jukwaani. Mwombe mwenzako aiandike, au andika wazi kwamba wewe ni mchezaji wa timu fulani na haya ni uliyoyaona ukiwa ndani. Yaliyosemwa na kocha chumba cha kubadilishia nguo yabaki humo. Jeraha la mwenzako ni siri yake mpaka yeye au daktari wa timu aseme. Ukivunja hilo mara moja tu, wachezaji wataacha kuongea ukiingia, na hutapata tena kile ambacho kilikufanya uwe tofauti na mwandishi mwingine yeyote.

Bahasha nayo itakufikia mapema kuliko unavyodhani. Mfadhili wa kombe atakupa "nauli" mbele ya watu, na usiku atatarajia usiandike kwamba zawadi ya mshindi haikutolewa. Msimamo wangu ni mkali hapa: nauli ikubali kupitia stesheni yako au chuo chako, wakijua, au usiipokee kabisa. Wilaya ni ndogo. Kila mtu atajua nani ananunulika na kwa bei gani, na hata huyo aliyekununua hatakuamini siku akitaka msemaji wa kweli. Uchawa unalipa haraka na unaisha haraka. Kiongozi akitoka madarakani, chawa wake anatoka naye.

Sheria usizichukulie kama mambo ya watu wa mjini. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na elimu inayotakiwa inaanzia stashahada ya uandishi wa habari au fani inayokaribiana nayo. Bodi ya Ithibati imeshaanza kazi. Aliyeteuliwa mwaka 2024 kuwa mwenyekiti wake alikuwa Tido Mhando, mtu ambaye sauti yake ilijulikana Radio Tanzania kwa kutangaza mpira, kisha akaongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, TBC na Azam Media. Kwa hiyo unapopanga maisha yako, pangilia na shule. Kama uko chuo cha ualimu, maliza ualimu. Mwalimu wa michezo mwenye kalamu ana mshahara wakati jina lake linakua, na ana uwanja mbele ya ofisi yake. Baadaye utaangalia stashahada au shahada: Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SAUT pale Mwanza ambako ni karibu na kwetu kuliko Dar, au Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kwa anayetaka kuijua michezo yenyewe kitaalamu. Ukitaka kufungua televisheni ya mtandaoni ya kutoa habari, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masharti ya leseni. Ukiwapiga picha watoto wa shule za msingi kwenye michezo yao ya UMITASHUMTA, pata ruhusa ya mwalimu wao. Na mechi za ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996 na yenye vipaji visivyo na mfano, haziingiliwi kwa kuruka uzio: kuingia ni kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkimbizi unayemwandika anaweza kuwa na sababu nzito ya kutotaka jina au sura yake ionekane.

Dada zangu, hili lenu. Mradi wa Mpira Fursa umepeleka soka la wanawake kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi nchini, na wasichana wanacheza ambapo zamani walikuwa wakishangilia tu. Waandishi wanaowafuata ni wachache mno, na wanaowafuata mara nyingi huuliza kuhusu ndoa na nywele. Wewe unayecheza nao unajua maswali yenye maana: nani anamwangalia mtoto wakati wa mazoezi, viatu vinatoka wapi, kwa nini mshambuliaji aliacha mpira kidato cha tatu. Netiboli ndiyo kabisa, ina wapenzi tele na haiandikwi. Chukua eneo hilo liwe lako. Na kuhusu usalama nisizunguke: mahojiano na kiongozi au kocha fanyia mahali pa wazi, mchana, ukiwa na mwenzako. Anayekutaka hotelini usiku ili akupe "habari" hana habari. Mtaje kwa mlezi wa wanafunzi na kwa dawati la jinsia polisi.

Vifaa visikutishe. Simujanja ya kawaida inatosha mwaka wa kwanza, mradi uishike kwa upana unapopiga video, ufunike maikrofoni kwa kitambaa chepesi upepo wa milimani ukivuma, uwe na memori kadi ya akiba, na uchaji kabla ya kutoka. Bando lisipotosha kutuma video, tuma sauti. Muda ndio unaopaswa kuuchunga zaidi ya vyote: mazoezi, masomo, daftari, kwa mpangilio unaoheshimika. Matokeo ya mitihani yakishuka, mkuu wa chuo atakunyang'anya jezi na daftari kwa mpigo, na atakuwa sahihi.

Neno la mwisho ni kwa walimu wa michezo wa vyuo vyetu na maofisa michezo wa Kasulu na Kibondo. Vijana hawa hawawaombi fedha. Wapeni nakala ya ratiba, fomu ya vikosi kabla ya mechi, kiti kimoja karibu na meza ya kamisaa, na barua ya utambulisho yenye mhuri. Msimu ujao unaanza Juni. Barua hiyo iandikwe kabla ya hapo.